Nilipima Julai, Nikasahihishwa Oktoba

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, saa nane mchana, Isevya, kwenye chumba cha uani chenye bati bila dari. Mdogo wangu na wenzake watatu walikuwa wamebanana kwenye kitanda kimoja wakicheza fainali yao ya mpira wa kwenye kompyuta, na kila mmoja ameweka shilingi elfu mbili mezani. Dakika ya 83, mbili kwa mbili, skrini ikageuka bluu. Kimya. Kisha kijana mmoja wa Kiha, aliyekuja kusoma chuo hapa Tabora, akanigeukia kwa upole unaouma kuliko matusi: "Kaka, hii si ndiyo ile uliyosema umeiongezea nguvu?"

Ndiyo hiyo. Tangu Julai nilikuwa nikimwambia kila aliyekuwa tayari kusikiliza, na wengine ambao hawakuwa tayari, kwamba prosesa yangu, ubongo wa kompyuta, inakimbia kuliko ilivyotoka kiwandani. Nilikuwa na ushahidi: kauntabuku nzima ya vipimo, nimeandika kwa kalamu mbili za rangi tofauti. Vipimo vilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa tarehe zilizoandikwa juu yake.

Nianze nyuma kidogo. Mashine niliiunganisha kwa karibu mwaka mzima, vipande vya mtumba vikija kwa basi kutoka Dar es Salaam vimefungwa kwenye maboksi ya biskuti. Prosesa ni Ryzen 5 2600 ya AMD, toleo la 2018, viini sita vya kufanyia kazi, na ilikuja na feni yake ndogo ile ya kiwandani. Niliichagua kwa sababu nilisoma kwamba Ryzen zote za kompyuta za mezani za wakati ule hazijafungwa spidi. Mwenye nayo anaweza kuipandisha. Hiyo ni kweli. Kitu nilichoruka kusoma ni mstari uliofuata: mazabodi, ule ubao mkuu unaochomekwa prosesa, nayo lazima ikubali. Nilikuwa nimenunua ya A320 kwa sababu ya bei, na A320 haina ruhusa hiyo. Nilizunguka kwenye kurasa za BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi, jioni mbili nikitafuta sehemu ya kubadilisha spidi, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Haikuwepo. Nikaiuza kwa hasara kwa mwenye steshenari mmoja, ambaye anaitumia hadi leo kuchapia barua na inamtosha kabisa, nikaagiza ya B450. Wenye prosesa za Intel wana fundo lao lingine: kwa kawaida unahitaji ile yenye herufi K mwishoni mwa jina, na mazabodi ya kundi la Z. Kwa hiyo kama hujanunua bado, usome pande zote mbili kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mama aliniuliza ninafanya nini usiku wote huo, nikamweleza kwa kinu. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama mchi. Kuna mdundo wa msingi wa megahezi 100, na prosesa inauzidisha. Mara 34 unapata gigahezi 3.4, ambayo ndiyo spidi ya chini iliyoandikwa kwenye boksi la hii yangu. Ikipata nafasi inajipandisha yenyewe hadi 3.9, lakini hapo ni kiini kimoja au viwili vinavyokimbia. Vyote sita vikibanwa na kazi, yangu ilikuwa inatulia kwenye 3.6 hivi. Kupiga ovakloki ni kuwaambia wote sita: twangeni kwa mdundo wa 39, asibaki mtu nyuma.

Mama akauliza swali ambalo katika video zote nilizotazama sikulisikia likiulizwa vizuri: "Na hiyo nguvu ya mkono inatoka wapi?"

Inatoka kwenye volti. Mchi ukienda mbio bila nguvu kuongezwa, pigo linakosea kinu, na kwa prosesa pigo lililokosea kinu ni hesabu iliyotoka vibaya. Hesabu ikitoka vibaya mahali pabaya, skrini inakuwa bluu. Basi unaongeza volti. Ila volti ina tabia moja mbaya: joto halipandi sambamba nayo, linapanda kwa volti zidisha kwa volti. Kutoka 1.20 hadi 1.35 unaona kama umeongeza kachumvi kidogo, kumbe joto la mapigo limepanda karibu asilimia 27, na hapo bado hujagusa spidi. Ongeza na spidi kutoka 3.6 hadi 3.9, jumla inakaribia asilimia 37. Nilipoielewa hesabu hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanaanza na feni kabla ya spidi.

Na kwenye feni ndiko nusura niipoteze mashine yote. Prosesa ya mtumba ilikuja na pesti ya zamani, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na feni, imekauka kama ugali ulioshikana na sufuria. Nilifungua skrubu nne, nikavuta feni juu. Ikaja. Na prosesa ikaja nayo, imeng'ang'ania chini ya feni, imechomolewa kwenye soketi ikiwa bado imefungwa kwa kile kijiti chake cha pembeni. Prosesa za AM4, aina ya soketi ya hii yangu, zina pini 1,331 kwenye tumbo lake, nyembamba kuliko bua la kiberiti mara nyingi, na saba zilikuwa zimelala upande. Sikulala mimi pia. Nilizinyoosha moja moja kwa sindano ya kushonea na kadi nyembamba, taa ya simu ikiwa mdomoni, nikipumua kwa pua. Zilirudi. Moja ingevunjika, huenda nisingekuwa na cha kusimulia.

Baadaye fundi mmoja wa simu pale Ng'ambo alinicheka sana, kisha akanionyesha. Washa mashine kwanza, ipe kazi robo saa hadi pesti ilainike kwa joto. Zima, chomoa waya ukutani. Ukishatoa skrubu usivute. Zungusha feni taratibu kushoto na kulia kama unayefungua kifuniko cha chupa ya asali iliyoganda, hadi uhisi imelegea. Ndipo unyanyue. Mtu wa Tabora akishaambiwa habari ya kifuniko cha asali hahitaji kuelezwa mara mbili.

Julai basi, kipupwe. Wageni wanaodhani Tabora ni joto mwaka mzima hawajalala hapa Julai. Nilinunua kipimajoto kidogo cha ukutani, nikakitundika karibu na mlango, na usiku chumba kilisoma nyuzi 18. Nikafanya kazi kwa utaratibu ambao hadi leo naona ulikuwa mzuri: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kuandika, kupima, kuandika tena. Volti sikuiacha ijipangie yenyewe, maana mazabodi ikiachiwa wakati spidi umeishika wewe, yangu ilikuwa inamimina zaidi ya inayohitajika, kama mama mkwe anayekupakulia chakula. Nilijiwekea ukomo wa 1.35 kwa feni hii ndogo, nikaapa sitauvuka, kwa sababu volti kubwa pamoja na joto kubwa huila prosesa polepole hata kama leo inaonekana nzima.

Kila hatua niliibana kwanza kwa Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, dakika kumi mfululizo, huku programu ya HWiNFO ikinionyesha joto. Ikipita hapo, naiachia OCCT, programu inayobana huku ikitafuta makosa, saa nzima. Dakika kumi zinadanganya sana. Kwa 3.9 kwenye volti 1.275 nilipita Cinebench nikashangilia, na OCCT ikanipa kosa dakika ya ishirini na kitu. Nikaongeza hatua moja ndogo, 1.2875, ikamaliza saa yake bila kosa. Kauntabuku inasema:

3.7 kwa volti 1.225, joto la juu 68.
3.8 kwa 1.25, joto 72.
3.9 kwa 1.2875, joto 79.
4.0 kwa 1.35, inawaka, inakufa katikati ya kipimo, joto 88.

Hapo mtu mwenye akili timamu anafunga daftari. Mimi nikajaribu 4.1, volti ileile, kwa sababu tu ilikuwa saa tano usiku na hakuna wa kunizuia. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Nikazima nikawasha, nyeusi. Mara ya tatu, nyeusi. Mama akachungulia mlangoni akaona uso wangu, akarudi bila kusema kitu, na huo ukimya wake ulinitisha kuliko ile skrini.

Haikuwa imekufa. Mazabodi ilikuwa inakumbuka amri niliyoipa na inajaribu kuitii kila inapowaka. Dawa ni kuifanya isahau. Unachomoa waya wa umeme, unatoa ile betri ya duara kama ya saa, CR2032, unasubiri dakika chache, unairudisha. Mazabodi nyingi zina pia pini mbili ndogo za kazi hiyo, unazigusisha kwa ncha ya bisibisi umeme ukiwa umechomolewa. Ikawaka na mipangilio ya kiwandani, saa ikisoma mwaka ambao hata prosesa yenyewe haikuwa imetengenezwa. Nikarudi 3.9 kwa adabu.

Kuhusu umeme nisemeje. Kila mtu wa huku anajua umeme wetu unavyoweza kushuka ghafla jioni taa zikawa za rangi ya chai. Pawa saplai yangu ya kwanza, ile inayogawa umeme ndani ya mashine, isiyo na jina la kueleweka, ilikuwa ikizima mashine mara prosesa na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, zikibanwa pamoja, na nilipoteza wiki nzima nikilaumu ovakloki. Nilipoibadilisha tatizo likaisha siku hiyohiyo. UPS ndogo, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, nayo nilinunua, si kwa ajili ya kuchezea gemu gizani. Ni kwa ajili ya zile dakika chache za kusasisha BIOS, ambazo umeme ukikatika katikati yake unaweza kubaki na ubao wa kupamba ukuta.

Basi nikawa na mashine ya 3.9, imepita kila kipimo. Agosti ikapita. Septemba upepo ukaanza kuleta vumbi lile laini, linaloingia hadi ndani ya friji. Oktoba ikafika, na Oktoba ya Tabora kabla ya mvua ni kitu cha kuketi nacho chini ya mwembe, si chini ya bati.

Baada ya wale vijana kugawana hela zao na kuondoka, niliketi na kauntabuku. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma 34. Nikafungua kumbukumbu za HWiNFO za ile mechi: prosesa ilikuwa imefika 88, na ni gemu tu, si kipimo cha kubana. Gemu hiyohiyo Julai ilikuwa haivuki 68. Nikaendesha OCCT ili nione, na kabla dakika tano hazijatimia ikagonga 95, ambao ndio ukomo wa prosesa hii, ikaanza kujipunguza spidi yenyewe ili isiungue.

Hesabu iliyonikimbia ilikuwa ya darasa la pili. Feni haipoozi prosesa kwa baridi yake. Feni haina baridi. Inachoweza ni kubeba joto la prosesa na kulitupa kwenye hewa ya chumba. Hewa ikiwa nyuzi 18, prosesa ilikaa 61 juu yake, ikawa 79. Hewa ikiwa 34, ileile 61 inakaa juu ya 34, na hiyo ni 95 kamili. Kila nyuzi ya chumba inaingia kwenye prosesa, nyuzi kwa nyuzi. Na juu ya hizo kumi na sita, vumbi la miezi mitatu kwenye mapezi ya feni, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, lilikuwa limeongeza nyingine kama nne, pamoja na ujanja wangu wa kulisukumia boksi la mashine katikati ya kitanda na ukuta ili chumba kionekane kikubwa.

Na kwa nini ife kwenye 88 wakati ukomo ni 95? Kwa sababu volti iliyotosha prosesa ikiwa vuguvugu haitoshi ikiwa ya moto. Ile 1.2875 niliitafuta hatua kwa hatua hadi mpaka wenyewe, nikiona fahari kutoacha hata tone la ziada. Ilikuwa mpaka wa Julai. Watu wa video waliosema "nyuzi 80 ni salama" hawakusema uongo, ila wanazungumza wakiwa kwenye vyumba vilivyopozwa hadi ishirini na kitu, na hawana sababu ya kulifikiria bati langu.

Nikalala na swali, asubuhi nikaanza na brashi ya rangi isiyotumika. Unasafisha mapezi huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Vumbi lililotoka lingetosha kupandia mchicha. Nikalivuta boksi katikati ya chumba, kifuniko cha ubavuni kikielekea dirishani. Nikasubiri saa nane, bati likianza kulia, nikapima upya kwa utaratibu uleule wa Julai. Hii ndiyo sehemu ninayomkazania kila anayekuja kuniuliza: kipimo cha mwisho kifanye saa mbaya kuliko zote unazokusudia kuitumia mashine. Kwangu ni saa nane hadi saa kumi, Oktoba, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. 3.9 kwa 1.2875, hata bila vumbi, ilifika 94, na mimi sikai na kitu kwenye 94. Nikashuka hadi 3.7, na volti nikaipunguza chini ya ile ya Julai, 1.1875, nikiongeza muda wa kupima. Ikatulia 81. Hadi mvua zilipoanza sikuona tena ile bluu.

BIOS ya mazabodi yangu inaruhusu kuhifadhi mipangilio kwa majina, kwa hiyo sasa nina miwili: KIPUPWE na OKTOBA. Kubadilisha ni kuwasha upya na kubonyeza mara tatu.

Halafu, swali ambalo ningepaswa kuuliza mwanzo: nilipata nini? Nilijaribu gemu mbili. Ya kwanza, ya magari, kadi ya grafiki ilikuwa imebanwa asilimia 97 muda wote. Pale prosesa ilikuwa inamngoja mwenzake; kuipandisha spidi ni kumharakisha mpishi wakati kuni ndizo mbichi. Niliongeza fremu, yaani picha, tatu kwa sekunde, 71 hadi 74, na macho yangu hayakuona tofauti. Ya pili, ya kupigana kwa bunduki, kadi ilikuwa ikicheza kwenye asilimia 60 na kitu, kwa hiyo prosesa ndiyo iliyokuwa ikichelewesha. Hapo ovakloki ilinipa fremu nane, na niliziona.

Lakini mwezi mmoja baadaye nilinunua ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya pili kufanana na ile moja niliyokuwa nayo, nikazichomeka kwenye nafasi zake mbili sahihi ili zisomwe pamoja, na nikawasha XMP, ule mpangilio wa BIOS unaoziruhusu kwenda kwa spidi zilizoandikiwa, 3000, badala ya 2133 zilikokuwa zikijifungia. Gemu hiyohiyo ya bunduki ikapanda fremu ishirini na mbili. Kwa Ryzen, njia ya ndani inayounganisha viini inakwenda kwa mdundo wa ramu, kwa hiyo ramu ikichoka wote wanachoka. Pini saba zilizopinda, wiki tatu za Julai, betri ya saa, aibu ya fainali, na kitu kilichonifaa zaidi kilikuwa kipande cha ramu na kubonyeza sehemu moja kwenye BIOS. Sijutii zile wiki, nilijifunza kusoma mashine yangu. Lakini mtu mwenye ramu moja akiniomba nimfundishe ovakloki, namrudisha dukani kwanza.

Mvua za kwanza zilishuka Novemba, na mdogo wangu akaanza kunisumbua nirudishe KIPUPWE. Nikamwambia akasome kipimajoto kwanza. Akarudi akisema mlangoni hakipo. Mama alikuwa amekihamishia jikoni. Anasema amegundua unga wa maandazi unaumuka vizuri kikisoma 30, na hakirudishi. Kwa hiyo sasa kabla ya mechi mtu lazima aende jikoni, asalimie, na kwa kawaida hatoki huko bila kutumwa maji.